Debe la Alasiri

Isakwisa hakuwa mtu wa maneno mengi, na kazi aliyopewa ilimtaka mtu wa namna hiyo hiyo. Kulinda bomba la Majengo! Mwenye mdomo asingemaliza wiki pale. Angetukanwa akatukana, angesukumwa akasukuma, na mwisho angejikuta mahabusu na meno mawili kiganjani. Yeye alikaa juu ya kasha lake la mbao, ufunguo wa koki ukiwa umefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, akawaacha wanawake wamseme mpaka wachoke wenyewe. Wakishachoka, aliinuka akamfungulia anayefuata.

Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe. Ujana wake ulikwishia kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambako aliangalia pampu ya Mgiriki mmoja, na huko ndiko alikojifunza kusikiliza maji. Usicheke. Mzee huyu alikuwa akitega sikio kwenye bomba kavu, anakuambia maji yako wapi, yana hewa au yana mchanga, yatafika baada ya muda gani. Dhahabu ilipopungua na Mgiriki akafunga virago, Isakwisa alishuka Mbeya na blanketi moja, mke, na mtoto wao wa pekee, Saulo. Mke alifariki mwaka wa tatu wa kukaa mjini. Wakabaki wanaume wawili na sufuria moja.

Mbeya ya miaka ile ya hamsini ilikuwa inafura. Kila lori lililotoka njia ya Iringa lilishusha watu: Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa waliokimbia uhaba wa mashamba, wafanyabiashara wa pwani na mikeka yao ya kuswalia. Kila mmoja alisema amekuja kwa muda tu, na kila mmoja akajenga. Bomba la Majengo likabaki lile lile moja, limesimama kwenye kibaraza cha saruji karibu na soko, likitegemea kijito kimoja cha mlima Loleza. Huko juu Wasafwa walikikata kwa mifereji yao ya viazi na maharage, nao hukuweza kuwalaumu, maana walikikuta kijito kikiwa chao. Katikati, uzunguni, kilinywesha maua na majani ya kukanyaga. Kilichosalia ndicho walichopelekewa watu wa chini, wagombanie.

Sasa kuna jambo moja lazima ulijue, la sivyo utamwona Isakwisa mpumbavu, na mpumbavu hakuwa. Kwa Wanyakyusa wa enzi zake, mke wa mwanao humtazami, wala yeye hakutazami. Si kwamba mmegombana. Ni heshima, tena heshima ya kutisha. Mkamwana akisikia sauti ya baba mkwe njiani anajitupa kichakani, anafunika kichwa na kungoja apite. Hatamki jina lake. Chakula anampikia, lakini anakiweka mahali, anapiga makofi, anaondoka. Watu wa kanisani walikuwa wameanza kulegeza, wengine wakisalimiana mlangoni baada ya ibada. Isakwisa alikuwa mbatizwa, na sauti yake nzito ndiyo iliyobeba kwaya, ila katika hili hakulegea hata kidogo.

Basi Saulo alipomwoa Tupokigwe, mzee alijenga ua wa matete katikati ya kiwanja, huku kibanda chake, huku nyumba ya vijana. Miaka mitatu alimjua binti huyo kwa vitu vyake tu. Alijua mchi wake unavyolia kwenye kinu. Alijua kikohozi chake cha asubuhi, na kwamba akiwa na furaha hufagia kwa haraka. Sura yake hakuijua. Alijua pia, maana msiba haufichiki nyuma ya matete, kwamba mimba mbili zilimharibikia, na kwamba ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Saulo alikuwa kibarua wa barabara huko Igawa, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa mwekundu kwa vumbi. Mzee hakuwa na mtoto mwingine. Mjukuu huyo akipotea naye, basi. Na kila jioni alipopiga magoti pembeni ya kitanda, hilo tu ndilo alilomwomba Mungu, hata unga alisahau kuuombea.

Na maji? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mlinzi wa bomba la pekee ni baba mkwe, na mkamwana anahitaji maji kila siku. Walikuwa wameutafutia dawa mkosi huo bila kusemezana hata neno. Jua likifika utosini, Isakwisa aligonga ufunguo kwenye chuma mara tatu, akaiacha koki wazi, akaenda kusimama nyuma ya ghala la ngozi akitazama ukuta. Tupokigwe, aliyekuwa akingoja kwenye kona na debe lake, alikuja akachota, akaenda zake. Akisha kuondoka, mwanamke mmoja alipiga kelele "Haya mzee!" naye akarudi. Wanawake walicheka mwanzoni. Baadaye wakazoea, na wengine waliona ni adabu nzuri ambayo waume zao wangefaa kuiga.

Hayo yalikuwa ya wakati maji yapo. Mwaka ule mvua za kwanza hazikuja. Oktoba ilipita na upepo wake, Novemba ikaingia na anga nyeupe, na kijito cha Loleza kikawa chembamba kama mkono wa mgonjwa. Bomba likaanza kukoroma. Isakwisa alitega sikio, akatikisa kichwa, hakumwambia mtu alichosikia. Foleni iliyokuwa ya watu thelathini ikawa ya mia, wengine wakilala chini na kujifunika kaniki kungojea kupambazuke. Debe likisogezwa nyuma ya jingine, ngumi. Mtoto akiingizwa katikati, ngumi. Wiki moja tu, wanawake wawili walipasuliwa vichwa kwa mishikio ya madebe yao wenyewe.

Na katika joto hilo, kila adhuhuri, maji yanakwenda bure kwa robo saa nzima huku mlinzi anatazama ukuta!

Aliyelisema ni Evarista, Mhehe wa Iringa, mpika pombe, mjane mwenye watoto watano na ulimi unaokata. Simlaumu sana. Pombe haipikwi kwa mate. "Jamani, huyu mzee ametufanya wajinga," alisema siku hiyo, mikono kiunoni. "Sisi tumekauka tangu alfajiri, yeye anamfungulia wa nyumbani kwake, tena anageuka asihesabu madebe! Nani anajua binti anachota mangapi?"

"Anachota moja," Isakwisa alijibu.

"Umeona wewe? Si unatazama ukuta!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, kicheko cha watu wenye kiu, kisichopendeza hata kidogo. Na alilosema mama yule lilikuwa kweli: hakuona, hajawahi kuona, na kutoona huko ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Keshoye wakaitwa barazani. Alikuwapo kijana wa Kizungu aliyeshughulika na maji, watu wakimwita Bwana Maji, pua imebabuka kwa jua. Alikuwapo mzee Othmani, msimamizi wa Majengo, mtu wa asili ya pwani, kanzu safi hata katika ukame ule, jambo ambalo wengi walilitazama mara mbili. Evarista akaeleza yake. Wengine wakaongeza chumvi. Bwana Maji akasikiliza huku anaandika, kisha akatoa amri tatu. Mlinzi haondoki kwenye bomba tangu linapofunguliwa mpaka linapofungwa. Kila nyumba ina haki ya madebe mawili kwa siku, na anayechota ni mtu wa nyumba hiyo mwenyewe, na kibati chenye namba. Mlinzi hachoti, hata tone, asije akajipendelea.

"Una neno, Isakwisa?" Othmani aliuliza.

Isakwisa alisimama. Kofia aliikunja mikononi mpaka ikawa kamba. "Nina mkamwana," alisema.

"Kila mtu ana mkamwana," mtu mmoja alidakia kutoka nyuma, na watu wakacheka tena.

"Mwambie aje na wenzake, ajitande ushungi," Othmani alisema kwa upole. "Kwani shida i wapi, ndugu yangu? Hata wake zetu hujitanda. Mji ni mji."

Shida i wapi! Ungemwelezaje mtu wa pwani, mbele ya Mzungu na wapika pombe, kwamba ushungi hautoshi, kwamba mtoto aliye tumboni mwa binti aliyekutana uso kwa uso na baba mkwe wake hana salama? Mimba mbili zilikwisha kwenda. Wazee wa kwao walikuwa wamekwisha kunong'ona kwamba huko mjini hawa wawili wamelegeza jambo. Isakwisa aliamini hivyo, na Tupokigwe aliamini zaidi yake. Akakaa chini.

Wakati wa kutoka, jirani yake Mwantumu alimgusa mkono. Mwantumu alikuwa mke wa fundi cherehani, mama mnene mwenye huruma, mlango wake ukitazamana na wa Tupokigwe. "Usitie wasiwasi, mzee," alimwambia. "Majirani tupo. Hatutamwacha binti wa watu."

Yalikuwa maneno tu ya kumliwaza mtu. Wangapi tunayasema kila siku msibani na njiani, tukafika nyumbani tukayasahau? Lakini Isakwisa aliyapokea mikono miwili, akaenda nayo kulala.

Na kesho yake akaona jambo lililomthibitishia. Watu wote walichota madebe yao mawili kwa mkupuo, maana nani angepanga foleni ile mara mbili? Mwantumu alikuja asubuhi akachota moja. Alasiri akarudi, akapanga upya, akachota jingine. Keshokutwa vivyo hivyo. Isakwisa akaelewa, au akadhani ameelewa. Debe la asubuhi ni la Mwantumu. Debe la alasiri ni la Tupokigwe, na mama huyu anachotea nyumba isiyo yake na kuvunja amri kwa ajili ya binti, tena kimya kimya, bila kujitangaza. Ilipofika alasiri alikuwa akigeuza uso pembeni asikisome kibati, akafungua koki kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, debe lijae hadi mdomoni. Maisha yake yote hakuwa amevunja amri ya mkubwa, na sasa alikuwa anaivunja kila siku, na alikuwa na furaha.

Kumuuliza hakumuuliza. Angeulizaje habari za mkamwana wake hadharani, watu mia wamekodoa macho? Na jioni, akipita nyuma ya ua akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ili binti ajifiche, alichungulia upenyo wa matete pale chini, akaona debe mlangoni. Limejaa. Sura hakuiona, debe aliliona, na lilimtosha.

Mwantumu naye aliliona debe lile lile. Alipoliona alisema moyoni, kumbe mzee mjanja, anamchotea alfajiri kabla watu hawajafika. Mwenye ufunguo atakosaje maji? Akafurahi kwa ajili yao, akakaa kimya asimponze.

Ndivyo ilivyokuwa, wapenzi wasomaji. Wawili hao waliachiana zamu kwa nia njema, kila mmoja akimhifadhi mwenziwe siri isiyokuwapo, na katikati yao binti mwenye mimba ya miezi saba anatembea peke yake na debe kichwani.

Alikuwa anakwenda bondeni. Chini ya mji kulikuwa na mkondo wa maji machafu uliopita nyuma ya mahali walipoosha ngozi, na ukame ulipozidi ulibaki madimbwi yaliyoungana kwa uzi wa tope. Wa kwanza kuchota huko walikuwa watu waliokosa vibati. Mbwa walikunywa huko. Wiki ya pili ya Novemba watoto wa nyumba za bondeni walianza kuendesha, halafu akazikwa mmoja, halafu ndugu wawili kwa siku moja. Bwana Afya akabandika tangazo kwenye mti wa soko: maji yote yachemshwe. Vizuri. Na kuni? Kuni za mzigo mmoja zilifuatwa mwendo wa nusu siku.

Isakwisa alisikia habari za bondeni akiwa juu ya kasha lake, akashukuru Mungu kwa debe la alasiri. Kila jioni alipiga makofi kuitikia makofi ya upande wa pili, akafungua mlango mdogo wa ua, akakuta ugali wake umefunikwa, na kando yake kibuyu cha maji ya kunywa. Maji yalinukia moshi. Alitabasamu. "Mke wa Saulo msafi," alijisemea. "Hata ya bomba anachemsha." Akanywa yote, akarudisha kibuyu.

Kadiri siku zilivyokwenda, mji ukawa na harufu yake. Tai walianza kukaa juu ya paa la ghala la ngozi, wakinyoosha mbawa asubuhi, wala hawakufukuzika kwa mawe. Bomba lilikoroma, likatema hewa, likatoa maji kwa saa tatu, halafu mbili. Watu wa Majengo walipanda mlimani na mapanga kwenda kuziba mifereji ya Wasafwa. Wasafwa wakashuka usiku ule ule wakalitoboa bomba njiani. Askari wakawekwa mlimani. Hakuna aliyelala usingizi mzuri, na aliyekuwa na debe lililojaa alilifungia ndani kama mbuzi.

Wiki hiyo Isakwisa aligundua kwamba ugali unapungua. Kisha ukawa haukuiva vizuri, jambo ambalo halijatokea kwa miaka mitatu. Makofi ya jioni yakawa hafifu. Alitega sikio kwenye matete kama alivyotega kwenye bomba, akasikia mtu anapumua kwa taabu, akadhani ni uzito wa mimba. Alitamani kuita. Mdomo aliufungua kabisa, akaufunga. Jioni iliyofuata makofi hayakuja, wala chakula, wala kibuyu. Alisimama kwenye mlango mdogo wa ua hadi giza likaingia. Huenda amejifungua mapema, alijipa moyo. Huenda wanawake wako naye. Akalala na njaa.

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu hadi msikitini. Zamu ilikuwa ya Evarista, na debe lake lilikuwa limejaa pomoni chini ya koki, Mwantumu alipotokea anakimbia. Hakuwa na debe. Mama mnene yule, anakimbia, kanga inaburuta.

"Mzee Isakwisa, binti yako! Ana homa ya matumbo, anawaka kama jiko, hata kusimama hawezi. Nimeingia nimemkuta sakafuni. Nimemtuma mume wangu akaite gari la hospitali."

Isakwisa aliinuka. "Homa gani? Ile ya bondeni?"

"Ndiyo ile ile. Amekuwa akinywa maji ya bondeni, mzee, tangu siku ya baraza! Ameniambia mwenyewe sasa hivi."

"Si unamchotea?" Sauti ilimtoka juu, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia pale. "Debe la alasiri! Kila siku unachukua debe la alasiri!"

Mwantumu alimtazama, asielewe. Kisha akaelewa, akashika kichwa. "Mungu wangu. La alasiri ni langu, mzee. Nyumba ina haki ya mawili, na mgongo wangu hubeba moja moja. Mimi nilidhani unamchotea wewe alfajiri."



"Lakini yangu yalikuwa yamechemshwa," Isakwisa alisema polepole, kama mtu anayehesabu. "Yalinukia moshi."

"Ya kwako ndiyo," Mwantumu alisema, na sasa alikuwa analia. "Kuni zilimtosha chungu kimoja. Alichemsha ya baba mkwe. Yake alikunywa hivyo hivyo."

Isakwisa alitazama koki, akatazama debe lililojaa chini yake. Aliinama akalishika.

"Isakwisa!" Alikuwa mzee Othmani, aliyekuwa amesimama kando na daftari lake la namba. Uso ulikuwa umemshuka. "Amri unaijua. Ukigusa maji, ukaondoka hapo, kazi huna. Mimi sitakuwa na la kukutetea."

"Ni debe langu hilo," Evarista alisema. Alikuwa amelingojea tangu alfajiri, na watoto watano walikuwa nyumbani wanalingojea pia. Aliitoa kata ya majani kichwani mwake, akaiweka juu ya kichwa cha mzee. "Shika upande wako, baba. Nami nishike. Inua."

Wakamtwika. Alikwenda haraka kuliko umri wake ulivyomruhusu, maji yakimwagikia mabegani. Nyuma yake alisikia foleni ikikatika, madebe yakigongana, mtu akipiga yowe, koki ikinguruma wazi bila mlinzi. Hakugeuka.

Alipofika kwenye ua wa matete hakuimba. Alipita mlango mdogo ambao hakuwahi kuupita tangu alipoujenga. Ndani kulikuwa na giza la nyumba isiyo na dirisha, na harufu ya ugonjwa. Aliona umbo limelala juu ya mkeka, tumbo limeinuka, na kabla hajaona zaidi, umbo lile lilifanya jambo lililomkata maini. Mtu asiyeweza kusimama alinyanyua mkono, akavuta kanga mpaka juu ya uso, akageukia ukutani.

"Usiogope," Isakwisa alisema. Alitua debe, akachota kwa kikombe cha bati. Kisha akamgeuzia mgongo, akatazama mlangoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kisigino chake kikagusa mkeka, akanyoosha mkono nyuma yake na kikombe. "Sikutazami. Ni maji ya bomba. Kunywa, mwanangu. Naapa sitageuka."

Muda ulipita. Halafu akahisi vidole, vya moto kupita kiasi, vikigusa vyake na kukichukua kikombe. Alimsikia akinywa. Kikombe kikarudi mkononi mwake kitupu. Alichota kingine bila kugeuka, akiinama kwa kupapasa. Akanywa hicho pia. Kilipofika cha tatu alikunywa nusu, akapumzika, akamaliza.

"Ndaga, tata," alisema. Asante, baba. Sauti ilikuwa nyembamba na ya kitoto. Miaka mitatu Isakwisa hakuwa amesikia ikimwambia neno.

Machozi yalimtoka, akayaacha. "Gari linakuja," alimwambia. "Saulo tutamtumia salamu leo hii kwa lori la Igawa. Mtaondoka wote hapa, mtarudi Rungwe, kuna mvua kule. Mtoto atakua anacheza mvuani. Wewe kunywa tu, mama. Maji yapo mengi, debe zima. Yote ni yako." Mzee asiye na maneno, loo, siku hiyo aliyapata. Alimweleza habari za migomba ya nyumbani, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake, na jinsi alivyojua akifagia kwa haraka kwamba ana furaha. Akachota cha nne, akanyoosha mkono nyuma.

Hakikuchukuliwa. Anapumzika, alisema moyoni. Akangoja. Mkono ulianza kumuuma, kisha ukafa ganzi, lakini hakumwaga hata tone. Alikuwa amezoea kupima maji. Nje jua lilipanda. Kutoka upande wa sokoni kelele zilikuwa zimekuwa kubwa, na filimbi za askari.

Mwantumu aliingia, akawapita, akainama juu ya mkeka. Aliponyanyuka aliona mkono ule umenyooshwa na kikombe kimejaa.

"Mzee Isakwisa," alisema, "weka kikombe chini."

"Hajamaliza."

"Amemaliza, mzee. Wote wawili wamemaliza. Weka chini."

Isakwisa hakuweka. "Uso wake umefunikwa?" aliuliza.

Mwantumu alitazama. Kanga ilikuwa imeteleza wakati binti anakunywa. "Haujafunikwa," alijibu. "Geuka basi, umwone mwanao. Sasa si mwiko tena."

Mzee alitikisa kichwa. "Nilimwapia," alisema. "Mfunike kwanza."

Mwantumu akamfunika. Isakwisa akatoka nje bila kugeuka, kikombe mkononi.